Leseni ya bastola huishia mpakani, hata kama kiuno kimeizoea

Mfanyabiashara wa mahindi aliyepewa leseni ya bastola Nairobi anaweza kupita nayo Kitengela, Kajiado na Ilbisil bila kuvunja sheria, mradi afuate masharti aliyopewa. Akifika Namanga na kuvuka kizuizi ikiwa bado kiunoni, leseni ileile haimsaidii tena. Upande wa Tanzania anahesabika kama mtu yeyote aliyekamatwa na silaha isiyo na kibali. Mwenzake anayetoka Arusha na leseni ya Tanzania yuko katika hali hiyohiyo akielekea Nairobi, na anayetoka Mbale kwenda Bungoma kupitia Malaba hana nafuu yoyote zaidi ya hao wawili.

Mambo haya yanajulikana polisi na forodhani. Sokoni ambako wenye leseni hukutana, mazungumzo huwa ni mengine kabisa: ibebwe wapi mwilini ili isionekane na isiumize. Swali hilo huulizwa zaidi na wenye miili mikubwa, na wafanyabiashara wa aina hiyo wako wengi. Safari ndefu za kukaa kwenye gari, chakula cha njiani na umri wa miaka hamsini hutengeneza kitambi hata kwa aliyekuwa mwembamba ujanani. Bastola ikiwekwa mbele humchoma kwenye nyonga, ikiwekwa nyuma hugonga kiti, na akiinuka ghafla shati hupanda na kila mtu akaona.

Maswali haya mawili, la starehe na la mpaka, huonekana hayahusiani. Yanahusiana sana, ila inabidi kwanza tupitie Marekani, kwa kuwa huko ndiko sehemu kubwa ya maarifa na vifaa vya kubebea bastola kwa siri vinakotoka.

Marekani ina majimbo 29 ambamo mtu mzima asiye na pingamizi la kisheria anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila hata kuomba kibali. Juni 23, 2022, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika kesi ya Bruen kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kubeba silaha nje ya nyumba yake, na kuyaondolea majimbo kama New York mamlaka ya kumtaka mwombaji atoe sababu ya pekee ya kuihitaji. Katika nchi hiyohiyo, watu wazima wapatao 4 kati ya 10 wana unene wa kupindukia. Kwa hiyo watengenezaji wa ala za bastola wana wateja wengi wenye miili mikubwa, na imewabidi kufikiri.

Walichojifunza ni kwamba mahali pa kuweka bastola hutegemea umbo la mtu kuliko uzito wake. Kuiweka mbele, chini ya kitovu, ndani ya suruali, ni mtindo unaopendwa na wembamba. Mwenye kitambi akisimama anaweza kudhani mambo ni sawa. Akikaa, tumbo hushuka juu ya mpini na kuusukuma nje, huku mdomo wa bastola ukikandamiza paja au kinena. Wapo wanene wanaomudu kwa kuipandisha ala juu kidogo na kuweka kipande cha sponji ngumu nyuma yake ili isicheze. Kwa anayeendesha gari saa 6 kutoka Mombasa kwenda Arusha kupitia Taveta, mimi naona ni mateso ya kujitakia.

Nyuma kidogo ya nyonga, upande wa mkono anaotumia, ndipo wanene wengi hupapata nafuu. Mwili wa mwanamume mnene mara nyingi huwa na kijibonde hapo ambacho kitambi hakikifikii, na shati lililoachwa nje hufunika. Hapa Afrika Mashariki kaunda suti ingefanya kazi hiyo vizuri kuliko mavazi mengi yanayouzwa Marekani kwa ajili hiyo. Shida zake ni mkanda wa kiti cha gari kupita juu ya ala, na mtu kuinama kuokota kitu mgongo wake ukaeleza kila alichobeba.

Mkanda wa suruali wenyewe ni nusu ya habari. Mtu mnene akivaa mkanda laini, uzito wa bastola huuvuta upande mmoja, suruali huteremka, naye hushinda siku nzima akiipandisha. Kuishika kiuno mara kwa mara ni tangazo kwa mwizi anayejua kutazama. Mkanda mpana na mgumu, pamoja na suruali iliyoongezwa inchi moja au mbili kiunoni ili ala iingie ndani, huondoa sehemu kubwa ya usumbufu. Wengine hurudi kwenye suspenda za mabegani, vazi la babu zetu waliokuwa makarani.

Zipo ala za begani zinazoning'inia chini ya kwapa. Dereva mnene huzipenda kwa kuwa kiuno kinabaki huru, lakini zinahitaji koti, na koti Horohoro mwezi Februari ni adhabu. Ya kwenye kifundo cha mguu haimfai mtu ambaye kuinama na kufikia kiatu ni kazi.

Upo pia mkanda mpana wa kitambaa kinachovutika, unaozungushwa tumboni juu ya kiuno. Wanawake wenye miili mikubwa, ambao nguo zao hazina mkanda wa suruali, huona huu ndio unaowafaa. Chini ya dera au kitenge hauonekani. Hatari yake ni kwamba mingi ni laini mno. Kifyatulio cha bastola kinaweza kubonyezwa kupitia kitambaa, na jasho la mwili huishambulia chuma kwa kutu. Mwenye kuutumia anahitaji ala ngumu ndani yake, inayofunika kifyatulio chote.

Mkoba wa mkononi ndio njia rahisi kuliko zote na ndiyo mbaya kuliko zote. Mkoba huwekwa chini, husahauliwa kwenye kiti, huporwa na wa bodaboda, hufunguliwa na mtoto. Desemba 2014, katika duka moja kubwa jimboni Idaho, mtoto wa miaka 2 aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, akaikuta bastola, na mama akafa papo hapo. Mama huyo alikuwa na kibali halali. Mkoba wenyewe ulitengenezwa kwa kazi ya kubeba silaha.

Kwa mwenye mwili mkubwa ipo hatari nyingine ambayo wauzaji wa ala hawaitangazi. Anaporudisha bastola kwenye ala, haoni anachofanya. Kitambi kimeziba macho, na kona ya shati au kamba ya koti inaweza kuingia kwenye kifyatulio. Nguo ikikwama na mkono ukisukuma, risasi hutoka kuelekea paja. Ndiyo maana wakufunzi makini hufundisha kuvua ala nzima na bastola ikiwa ndani yake, kuiweka mezani, na kuirudisha kiunoni namna hiyohiyo bila kuichomoa kabisa. Kati ya yote niliyotaja mpaka hapa, hili ndilo la kushika kuliko sponji na suspenda zote.

Sasa tuangalie kinachotokea ala inapokaa sawasawa. Mtu aliyepata mkanda mzuri, suruali inayomtosha na mahali panapoendana na umbo lake, baada ya wiki chache haihisi tena bastola. Hilo ndilo alilolipia. Lakini silaha isiyohisiwa ni silaha inayosahaulika.

Ushahidi uko kwenye viwanja vya ndege vya Marekani. Mwaka 2023, wakaguzi wa abiria nchini humo walikamata bunduki na bastola 6,737 kwenye mizigo ya mkononi na miilini mwa watu waliokuwa wakielekea kupanda ndege. Asilimia 93 hivi zilikuwa na risasi ndani. Maelezo yanayotolewa na wengi wa waliokamatwa yanafanana: nilisahau kama ninayo. Watu hao walikuwa wameamka alfajiri, wakapanga mizigo, wakasimama kwenye foleni chini ya mabango yanayokataza silaha, na bado hawakukumbuka. Mwaka huo faini iliweza kukaribia dola 15,000, mbali na kesi ya polisi.

Foleni ya uwanja wa ndege ni jambo la mara chache maishani kwa watu wengi. Mfanyabiashara wa Busia anavuka mara 3 kwa wiki, wakati mwingine mara 2 kwa siku. Kwake mpaka umekuwa kama geti la nyumbani, anawasalimia askari kwa majina. Ukichanganya mazoea hayo na ala isiyohisiwa, umempata mtu atakayevuka na bastola bila kukusudia.

Sheria zetu zina nafasi ndogo sana ya kusikiliza neno nilisahau, na mpangilio wa vituo vya mpakani umeipunguza nafasi hiyo zaidi. Zamani msafiri alisimama kwanza upande wa nchi yake, akagongewa muhuri wa kutoka, kisha akatembea hadi upande wa pili. Aliyekumbuka dakika ya mwisho alikuwa bado kwao, mbele ya askari wa nchi iliyompa leseni. Katika vituo vya huduma kwa pamoja vya Namanga, Busia, Malaba, Holili, Rusumo na Mutukula mambo hayaendi hivyo. Anayetoka Kenya kwenda Tanzania hupita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania, na huko huwakuta maofisa wa nchi zote mbili, wa kumtoa na wa kumwingiza. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi ndiyo inayowapa maofisa nguvu ya kufanya kazi wakiwa kwenye ardhi ya jirani.

Mpango huu umetupunguzia saa nyingi za foleni, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kuurudisha nyuma. Ila kwa mwenye bastola maana yake ni kwamba ofisa wa kwanza anayekutana naye yuko tayari ndani ya nchi nyingine. Dirisha la kuulizia kama silaha inaruhusiwa analikuta akiwa ameshaingiza silaha. Nafasi ya kugeuka imebaki kabla ya kizuizi, mahali ambapo hakuna anayemwuliza chochote.

Wapo watakaosema Jumuiya ni moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazungumzia uhuru wa watu, bidhaa, huduma, kazi na mitaji kuvuka mipaka. Haitaji leseni za silaha, na uhuru wa watu kusafiri wenyewe umewekewa mipaka ya sera ya umma, usalama wa umma na afya ya umma. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zinazozuiwa kuingizwa bila kibali maalumu. Chombo kilichotumika kubeba bidhaa iliyoingizwa kinyume cha sheria kinaweza kutaifishwa. Kwa mwenye Fuso iliyojaa vitunguu, bastola moja kwenye droo ya dereva inaweza kuondoka na lori na vitunguu vyake.

Kila nchi imebaki na sheria yake. Kenya ina sheria ya silaha, Sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote wajitokeze wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uganda inatumia sheria ya mwaka 1970, na tangu 2018 serikali yake ilianza kuzichukua bunduki alama zake za kipekee, kama mtu anavyochukuliwa alama za vidole. Kinachotuunganisha ni Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na kuanza kutumika 2006. Itifaki hiyo iliandikwa kwa ajili ya kubana silaha ndogo zisizagae, na ina sababu nzito: vita vya Maziwa Makuu, wizi wa mifugo, ujangili. Kumtafutia mfanyabiashara njia ya kuvuka na bastola yake halikuwa lengo la walioiandika.

Njia ya kuingiza silaha kihalali ipo kwa baadhi ya watu. Watalii wa uwindaji huingia Tanzania na bunduki zao kila msimu. Lakini hao huomba kibali mapema, bunduki imeandikwa namba, risasi zimehesabiwa, na kampuni ya uwindaji inasubiri upande wa pili. Mlango huo haukujengwa kwa ajili ya mtu anayepeleka mitumba Jumatatu na kurudi na mchele Jumatano.

Anayedhani haya ni matatizo ya Afrika aitazame tena Marekani. Nchi ile ni moja, ina rais mmoja na bendera moja, lakini kibali cha kubeba bastola cha jimbo moja hakitambuliwi lazima na jimbo la jirani. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali cha Pennsylvania alivuka na gari kuingia New Jersey, akasimamishwa na polisi kwa kosa la barabarani, na kwa uaminifu akamwambia askari kwamba ana bastola. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka. Alinusurika baada ya kelele nyingi, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akampa msamaha. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufanya vibali vitambuliwe nchi nzima. Ulikwama kwenye Seneti. Kama majimbo yenye katiba moja yameshindwa kukubaliana, sioni Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa wakikubaliana hivi karibuni. Sina hakika kama ningetamani wakubaliane. Mpakani Goma au Bunagana, raia mwenye bastola kiunoni hatachukuliwa kuwa mfanyabiashara anayejilinda. Ataulizwa ni wa kundi gani.

Mtu hubeba bastola kwa sababu amebeba fedha taslimu. Mwenye ng'ombe kwenye mnada hataki kusikia habari za benki, na mkulima wa ndizi wa Mutukula anataka noti mkononi. Hata hivyo sehemu ya fedha hiyo inaweza kusafiri bila mwili wa mtu. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, na benki za nchi zetu zina mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaohamisha shilingi bila kupitia dola. Makato yapo na viwango vina kikomo, ndiyo maana taslimu haijafa. Anayevuka na kiasi kinachofika dola 10,000 au zaidi anapaswa kutoa tamko Kenya na Tanzania. Uganda kiwango ni shilingi milioni 30. Fedha iliyotamkwa haikamatwi kwa kuwa nyingi tu. Inayokutwa imefungwa tumboni bila tamko inaweza kushikiliwa yote.

Wanawake wenye miili mikubwa wana shida yao ya ziada hapa, na wanaijua vizuri. Wao ndio huambiwa kwa mzaha usiochekesha, mama, umeficha nini humo? Mkanda wa kitambaa wa kubebea pesa, mkono wa mkaguzi ukiugusa kwa juu, hauna tofauti na mkanda wa kubebea bastola. Ana haki ya kupekuliwa na askari wa kike, mahali pa faragha, na ni vizuri aidai kwa sauti ya upole na mapema.

Kwa mwenye leseni, basi, siku ya kuvuka bastola ibaki nyumbani kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Isibaki kwenye gari lililoegeshwa kabla ya kizuizi, kwa kuwa wezi wa maegesho wanazijua droo kuliko wenye magari. Isiachwe kwa mama ntilie au kwa mwenye duka la vipuri anayeaminika. Kumkabidhi silaha mtu asiye na leseni ni kosa jingine juu ya lile ulilokuwa unaliepuka, naye unamtia matatani. Asiye na sanduku amwendee mkuu wa kituo cha polisi cha kwao kabla ya safari, amuulize kama kituo kitaipokea kwa kuitunza, na akikubaliwa achukue hati yenye namba ya silaha, idadi ya risasi, tarehe na sahihi.

Kisha usiku huohuo akague koti, mkoba na droo ya gari. Wengi huacha bastola nyumbani na kusahau magazini ya akiba, au risasi moja iliyodondokea kwenye mfuko wa ndani tangu siku ya mazoezi. Risasi hiyo nayo ina sheria yake, na huonekana vizuri kwenye mashine ya kukagulia mizigo.